Nimepata leseni, sasa nitajuaje siku ya kuruka na siku ya kubaki chini?

Rubani Mgeni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimehitimu mafunzo ya urubani wa ndege ndogo na kukabidhiwa leseni ya rubani binafsi, ile inayoniruhusu kuruka kwa burudani na kubeba abiria bila malipo. Ndege ninayoitumia ina injini moja na viti vinne, nami ninaruhusiwa kuirusha kwa kuona tu, maana sina idhini ya kuingia mawinguni kwa kutegemea vyombo. Wakati wa mafunzo mwalimu ndiye aliyekuwa akisema leo tunaruka au leo haturuki, nami nilikuwa nikikubali bila kuusikia uzito wa kauli hiyo. Sasa kauli hiyo imebaki mikononi mwangu. Vitabu vinanieleza kiwango cha chini kinachoruhusiwa na sheria, lakini havinielezi kama kiwango hicho kinamfaa mtu mwenye uzoefu mdogo kama wangu.

Kuna sherehe ya kifamilia mwezi ujao, umbali wa kilomita 300 hivi kutoka hapa nilipo, na ndugu wawili wameshaniomba niwapeleke Jumamosi asubuhi na kuwarudisha jioni ileile. Ndege husafiri kwa kilomita 180 kwa saa na hutumia takriban lita 30 za mafuta kila saa. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnapima mambo gani kabla ya kuamua, kwa namba zipi, na mnafanya nini pale jibu la namba linapopishana na hamu ya kwenda.

Mkufunzi Mkongwe anajibu:

Hongera kwa leseni, na hongera zaidi kwa kuuliza mapema. Nitaeleza kwa kirefu upande wa hali ya hewa, kwa sababu ajali nyingine nyingi za ndege ndogo humwachia rubani nafasi ya kutoka mzima, ilhali ile ya kuingia mawinguni bila mafunzo ya vyombo humwachia nafasi finyu mno.

Wengi hudhani hatari ya wingu ni mlima uliojificha ndani yake. Hatari hiyo ipo, lakini kuna nyingine inayofika mapema zaidi, nayo imo ndani ya sikio. Katika sikio la ndani kuna mifereji midogo yenye majimaji ambayo hutuarifu tunapogeuka. Ndege ikianza kulala upande mmoja polepole, majimaji hayo hayasogei vya kutosha kuuarifu ubongo. Na hata mgeuko ukiwa wa wazi, ukidumu kwa sekunde kama 20 majimaji huwa yameshaufikia mwendo wa mwili, na hisia ya kugeuka hutoweka kabisa. Rubani asiyeuona upeo wa macho huamini kwamba yuko sawa wakati bawa moja limeshazama. Pua inateremka, mwendo unaongezeka, naye anavuta usukani ili apande, kumbe kwa kuvuta anauzidisha ule mzunguko. Akifaulu kuiweka ndege sawa, mwili humwambia kwamba sasa ndiyo analala upande wa pili, na mkono wake humrudisha kulekule alikotoka.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwapima watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vyombo kwa kuwazuia wasione nje ya ndege. Wote 20 walipoteza udhibiti, na wastani wa muda waliomudu ulikuwa sekunde 178, yaani dakika tatu hazikutimia. Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba shabaha ya kazi ile ilikuwa kuwafundisha watu hao namna ya kugeuka nyuzi 180 kwa vyombo na kutoka walikoingia, na baada ya mafunzo karibu wote waliweza. Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni hili: kabla ya safari yako, lipia saa chache na mwalimu, ufunikwe macho yasione nje, urudie mgeuko huo hadi mikono iufanye kwa utulivu. Mafunzo hayo hayakupi ruhusa ya kuingia mawinguni. Yanakupa njia ya kutoka.

Wala si lazima pawe na wingu. Tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy Mdogo aliruka usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard akiwa na mkewe na shemeji yake. Hapakuwa na dhoruba. Palikuwa na giza juu ya maji na ukungu mwepesi uliofuta mstari kati ya bahari na anga. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba alipoteza mwelekeo wa mwili angani na kushindwa kuidhibiti ndege, na wote watatu walikufa. Nautaja mfano huu kwa sababu wewe pia unapanga kurudi jioni. Sherehe huchelewa, watu huagana kwa muda mrefu, na jua halimsubiri mtu.

Sasa namba. Andika mipaka yako kwenye karatasi ukiwa nyumbani, siku ambayo huna safari yoyote. Kwa rubani mpya mimi hupendekeza uwezo wa kuona usiopungua kilomita 10, ijapokuwa mahali pengi sheria huridhika na 5. Kitako cha mawingu kiwe angalau futi 2,000 juu ya ardhi iliyo juu kuliko zote katika njia yako. Upepo wa ubavuni usizidi nusu ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege. Na magurudumu yawe yameshagusa ardhi saa moja kabla ya machweo. Baadaye mipaka hiyo unaweza kuilegeza, lakini kwa masharti mawili: uilegeze ukiwa chini ardhini, na iwe baada ya kuifanyia mazoezi hali hiyo pamoja na mwalimu. Ukiwa angani ruhusa pekee uliyo nayo ni kuikaza.

Tena, jiwekee alama ya kugeuka. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba ukilazimika kushuka chini ya kimo ulichopanga ili tu kukwepa wingu, hiyo mara ya kwanza ndiyo ya kugeuka, kwa kuwa anga uliyotoka bado unaijua ilivyo. Ukisubiri mara ya tatu, huenda hata nyuma kumeshafunga.

Hesabu Kwanza anajibu:

Nakubaliana na Mkufunzi kwa kila neno, nami naongeza hesabu ya mafuta, maana umetupa namba zote tunazohitaji.

Kilomita 300 kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa ni saa 1 na dakika 40, na hapo utatumia lita 50. Sasa chukulia upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa, upepo ambao si wa ajabu hata kidogo kwenye kimo cha kusafiria. Mwendo wako juu ya ardhi unashuka hadi 140, na safari inakuwa saa 2 na dakika 9 hivi. Umeongezewa takriban dakika 29. Nchi nyingi, ikiwemo Marekani, zinamtaka rubani anayeruka kwa kuona mchana abaki na akiba ya dakika 30, na usiku dakika 45. Upepo mmoja tu ambao hukuuhesabu umeimeza karibu akiba yote ya mchana, na bado hujazunguka mvua wala kusubiri ndege nyingine itue. Ndiyo maana mimi hutua nikiwa na mafuta ya saa nzima, na hupanga kituo cha kujaza katikati hata pale karatasi inaposema naweza kufika bila kusimama.

Pima mafuta kwa kijiti ndani ya tangi, usitegemee geji. Ukiwa njiani, linganisha saa uliyofika kila alama na saa uliyoipanga. Ukichelewa kwa dakika tano katika robo ya kwanza ya safari, utachelewa kwa dakika 20 mwishoni, na uamuzi wa kwenda kujaza mafuta kwingine ni rahisi zaidi ukifanywa mapema, wakati bado una viwanja vitatu vya kuchagua.

Jambo la pili ni joto na mwinuko. Hewa ya moto ni nyepesi, na ndege haijali ramani inasema uwanja uko juu kiasi gani. Inajali wepesi wa hewa. Katika kipimo cha kimataifa joto usawa wa bahari ni nyuzi 15, na hupungua kwa takriban nyuzi 2 kila futi 1,000. Uwanja ulio futi 5,000 ulitakiwa kuwa na nyuzi 5. Ikiwa kipimajoto kinasoma 30, tofauti ni nyuzi 25, na kila uzi mmoja huongeza takriban futi 120. Kwa hiyo injini, propela na mabawa vitafanya kazi kana kwamba viko futi 8,000. Ndege itahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na itapanda kwa uvivu, huku mwendo unaousoma kwenye geji ukiwa uleule wa siku zote, na ndipo mtu asiyezoea hudanganyika akaanza kuvuta pua juu.

Na uzito: viti vinne havimaanishi watu wanne na matangi yaliyojaa. Mpime kila abiria pamoja na mzigo wake, usikubali makadirio ya mdomo, kisha uangalie pia mahali uzito ulipokaa. Ndege iliyoelemewa nyuma hupoteza utulivu, na bawa likipoteza nguvu ya kuinua, kuishusha pua ili upate tena mwendo kunaweza kushindikana.

Fundi Karakana anajibu:

Mimi ni fundi wa ndege, nami nitasema yale ninayoyaona nikifungua vifuniko.

Kwanza, maji kwenye mafuta. Kila rubani amefundishwa kutoa sampuli chini ya tangi na kutafuta tone la maji lililotulia chini ya chombo. Tatizo huja pale chombo kizima kinapokuwa maji matupu, kwa sababu hapo hakuna mstari wa kutenganisha, na rubani mwenye haraka huona kimiminika safi kisicho na dosari akaenda zake. Petroli ya ndege ya oktani 100 yenye risasi kidogo ina rangi ya buluu. Inua chombo mbele ya kitu cheupe uitafute hiyo rangi, kisha unuse. Usipoiona buluu, usiondoke hapo mpaka ujue ulichokishika.

Pili, barafu ndani ya kabureta, ambayo marubani wengi huihusisha na baridi kali. Sivyo. Mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapopita mahali pembamba, joto ndani ya kabureta linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo siku tulivu ya nyuzi 18 yenye unyevu mwingi ndiyo hasa ya kutiliwa shaka, na zaidi unapoteremka injini ikiwa imepunguzwa nguvu. Kama propela yako ni ya pembe isiyobadilika, utaona mizunguko ya injini ikipungua kidogo kidogo bila wewe kugusa kitu. Hapo fungua hewa moto ya kabureta yote, si nusu. Injini itapungua nguvu zaidi, na barafu ikianza kuyeyuka itakohoa kwa sababu inameza maji yake. Kukohoa huko ndiko kunakomtia mtu hofu akairudisha hewa baridi, na kwa kufanya hivyo anaizuia dawa isifanye kazi. Vumilia mpaka injini itulie.

Tatu, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kipasha joto cha ndege nyingi ndogo huchukua joto kutoka kwenye bomba la moshi wa injini, na bomba hilo likipata ufa, kaboni monoksaidi huingia kwa abiria. Tarehe 21 Januari 2019 mchezaji wa soka Emiliano Sala na rubani wake walipotea katika mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Uchunguzi uliofanywa na Uingereza ulikuta kiwango kikubwa cha kaboni monoksaidi katika damu ya Sala, na ukaona kwamba rubani naye huenda alikuwa ameathirika. Kifaa cha elektroniki cha kupiga kengele kwa ajili ya gesi hiyo ni kidogo na bei yake si kubwa ukilinganisha na gharama nyingine za ndege. Kile kibandiko cha kubadilika rangi si haba, lakini hakipigi kelele, na mtu aliyeanza kulewa gesi hakumbuki kukitazama.

Mwisho, ukikuta kitu usichokielewa kwenye ukaguzi wako wa asubuhi, usijiambie kwamba kilikuwa hivyo tangu jana. Mwite fundi. Sijawahi kumkasirikia rubani aliyeniita bure.

Mganga wa Zamu anajibu:

Nitasema machache kuhusu mwili wa rubani, kwa kuwa mmeuzungumzia upande wa ndege na anga. Dawa za mafua na mzio zinazouzwa bila cheti cha daktari husinzisha watu kuliko wanavyodhani. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipochunguza mwaka 2014 dawa zilizokutwa katika miili ya marubani waliokufa ajalini, kundi la dawa za mzio zinazosinzisha ndilo lililoongoza miongoni mwa dawa zinazoweza kupunguza umakini. Kwa ile iitwayo difenihidramini, mamlaka ya anga ya nchi hiyo humtaka rubani asubiri saa 60 baada ya kidonge cha mwisho, si usiku mmoja. Isitoshe, ugonjwa wenyewe uliokufanya uinywe unaweza kuwa sababu tosha ya kubaki chini, hasa masikio yakiwa yameziba.

Kuhusu pombe, sheria ya saa 8 iliyopo Marekani ni sakafu. Mtu aliyekunywa sherehe nzima bado ana uchovu na kichwa kizito asubuhi, hata kama saa zimetimia. Safari yako inahusu sherehe, Ndugu Rubani Mgeni, kwa hiyo kama una mpango wa kurusha jioni, usiiguse kabisa siku hiyo.

Anga Wazi anajibu:

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila naona tunamtisha kijana. Siku hizi kishikwambi kimoja kinaonyesha mvua, milima, ndege nyingine na uwanja wa karibu, na baadhi ya ndege zina parachuti ya kuishusha ndege nzima, kama Cirrus SR20 iliyoidhinishwa mwaka 1998. Mipaka mikali kupita kiasi itamfanya asiruke kabisa, na rubani asiyeruka hupoteza ustadi, jambo ambalo nalo ni hatari. Mimi ningemwambia avitumie vifaa vyake kikamilifu, kisha aamue kadiri anavyoona siku yenyewe ilivyo.

Mkufunzi Mkongwe anajibu:

Ndugu Anga Wazi, sehemu moja ya hoja yako ni ya kweli na naiunga mkono bila kusita: kutoruka kunadhoofisha. Nchi nyingi zinamtaka rubani awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kabla ya kubeba abiria, na mimi naona huo ni uchache, hasa kwa mtu ambaye bado anajenga mazoea. Kwa hiyo Rubani Mgeni aruke mara nyingi, safari fupi, siku nzuri, na afanye mazoezi yale yanayochosha na kuudhi.

Kwenye vishikwambi tunaachana. Picha ya mvua unayoiona humo haionyeshi mvua iliyopo sasa. Mitambo hukusanya taarifa kutoka rada nyingi, huziunganisha, kisha huzituma, na bodi ileile ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2012 kwamba umri halisi wa picha unaweza kuzidi ule ulioandikwa kwenye kioo kwa dakika 15 hadi 20. Dhoruba ya radi hukua na kuhama katika muda huo. Kifaa hicho kinafaa kwa kuizunguka mvua kwa mbali, ukiwa chini au ungali na nafasi kubwa, na hakifai kwa kutafuta uchochoro kati ya mawingu mawili. Parachuti nayo ni neema, lakini humsaidia aliyeamua mapema kuivuta, kwa hiyo bado tumerudi kwenye uamuzi.

Na hilo la kuamua kadiri siku inavyoonekana ndilo ninalolikataa kabisa. Siku yenyewe ikifika, abiria wameshavaa, mizigo iko kwenye gari, na simu zinaita kuuliza mmefika wapi. Macho yanayolitazama wingu wakati huo yanaliona jepesi kuliko lilivyo. Mwezi Aprili 1996, huko Cheyenne nchini Marekani, ndege ndogo ilianguka muda mfupi baada ya kupaa katika mvua, ikiwa imezidi uzito, kwenye uwanja wa mwinuko mkubwa. Ndani yake alikuwamo msichana wa miaka 7, Jessica Dubroff, aliyekuwa akijaribu kuvuka nchi akiwa na baba yake na mwalimu wa urubani, na wote watatu walikufa. Wachunguzi walilaumu uamuzi wa rubani, yaani yule mwalimu, wa kuruka katika hali inayozidi kuharibika, na wakataja ratiba iliyobana pamoja na ahadi kwa vyombo vya habari kuwa mambo yaliyochangia. Alikuwa mtu mwenye leseni na uzoefu. Kilichokosekana asubuhi ile ni neno hapana lililokuwa limeshaandikwa kabla waandishi hawajafika.

Rubani Mgeni anauliza tena:

Nawashukuru sana. Nimeandika mipaka yangu usiku huu na nimempigia mwalimu wangu kuhusu mazoezi ya kugeuka kwa vyombo. Bado nina maswali mawili. La kwanza, ndugu zangu niwaelezeje mapema ili siku nikisema haturuki wasione nimewadharau? La pili, injini ikizimika mara tu baada ya kupaa, je, kweli nisigeuke kurudi uwanjani, hata kama uwanja uko nyuma yangu tu?

Mruka Asubuhi anajibu:

Nitajaribu yote mawili, kwa kuwa hubeba ndugu mara kwa mara.

Kwa ndugu, waambie leo, si siku ya safari, kwamba ndege hii ni ya hali nzuri ya hewa, na kwamba njia ya pili ya kufika sherehe lazima iwepo tangu mwanzo: gari lenye mafuta, au tiketi za basi zilizolipiwa. Wape saa ya uamuzi. Kama sherehe ni Jumamosi saa nane mchana na kwa gari ni mwendo wa saa tano, basi saa mbili asubuhi unasema ndiyo au hapana, na hapana ikisemwa kila mtu anaingia garini bila mjadala. Mtu mwenye njia nyingine hakulazimishi. Vilevile waambie kwamba kurudi jioni ileile si ahadi. Wabebe nguo za kulala. Mzee mmoja katika familia yetu alinung'unika mara ya kwanza nilipokataa, na sasa ndiye anayewauliza wenzake kama wamefungasha nguo za pili.

Kwa injini, tatizo la kugeuka ni hesabu. Kurudi kwenye njia ileile si nyuzi 180, bali ni zaidi ya 200, kwa sababu mgeuko wenyewe hukutoa pembeni na inabidi ugeuke tena kuipata njia. Ukiilaza ndege nyuzi 45 ili umalize haraka, huku ukishikilia kimo, mwendo ambao bawa hupoteza nguvu ya kuinua hupanda kwa takriban asilimia 19. Ukiilaza nyuzi 60, kwa asilimia 41. Yote hayo karibu na ardhi, kwa mikono yenye hofu, bila injini. Ndege ikipoteza nguvu ya kuinua kwenye kimo cha futi 300 haina nafasi ya kujiinua tena, ilhali ndege inayotua kwenye shamba lililo mbele, mabawa yakiwa sawa na mwendo ukiwa wa chini kabisa inaoweza kuumudu, mara nyingi huharibika huku watu wakitoka.

Kwa hiyo panga kabla ya kuongeza nguvu ya injini, na useme kwa sauti, hata kama uko peke yako. Mimi husema hivi: injini ikizimika magurudumu yakiwa bado chini, nafunga nguvu na kushika breki; ikizimika chini ya kimo nilichokiweka, nashusha pua mara moja na kutua mbele, nikichagua ndani ya nyuzi 30 kushoto au kulia; ikizimika juu ya kimo hicho, ndipo ninapoweza kufikiria kugeuka, kuelekea upande upepo unakotoka. Neno la kushusha pua mara moja lina uzito wake, kwani ndege iliyokuwa ikipanda hupoteza mwendo ndani ya sekunde chache injini ikinyamaza, na mwili wa binadamu unapoiona ardhi iko karibu hutamani kuvuta badala ya kusukuma.

Kimo hicho usikichukue kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote. Panda na mwalimu wako hadi futi 4,000 juu ya ardhi, iweke ndege katika hali ya kupanda, punguza nguvu hadi mwisho, hesabu sekunde nne bila kufanya lolote, kisha geuka mpaka uelekee ulikotoka na usome umepoteza futi ngapi. Rudia mkiwa na uzito wa watu watatu, kwa sababu safari yako ni ya watu watatu. Ongeza nusu ya ulichopata, na hiyo ndiyo namba ya kuiandika kwenye karatasi yako, chini ya mipaka ya hali ya hewa.